Mguu Juu ya Uchanja

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba mguu wako unakatwa, najua hapo ulipo huna hamu ya kusoma. Soma kidogo kidogo. Mimi nilikatwa wa kulia, chini ya goti, na nilidhani hilo ndilo baya lenyewe. Kumbe baya lenyewe lilikuja baadaye, nikiwa nimeshapona, natembea, najidai. Hilo la pili ndilo ninalotaka kukusimulia, maana la kwanza utalijua mwenyewe hata nisipokwambia.

Nyumbani naitwa Mama Fausta. Tunaishi Ifakara, lakini kama watu wengi wa hapa tuna makazi mawili: nyumba ya mjini, na dungu la shambani upande wa Mngeta, bondeni kabisa, ambako mvua zikikolea hakuna gari linalofika. Mpunga ukishaota familia nzima inahamia huko na kulala juu ya dungu, kwenye kibanda cha miti kilichoinuliwa kukwepa maji. Ndege na nguruwe pori hawana Jumapili, kwa hiyo tunakaa nao hukohuko mpaka tuvune. Asiyehamia shambani ni mgonjwa, au mzee sana, au mtu wa ofisini. Mimi tangu nimeolewa sijawahi kubaki mjini masika hata moja, ukiacha yale niliyokatwa mguu.

Kisukari kilianza zamani. Daktari anakwambia upunguze wali, halafu unarudi mtaani unakuta jirani anapika wali, kanisani wali, msibani wali, na wewe mwenyewe unalima mpunga. Nilijitahidi, siyo kwamba sikujitahidi. Mguu wa kulia ukaanza ganzi, kwanza vidole, kisha unyayo, na ganzi haisumbui mtu, ndiyo ubaya wake. Siku moja nikaona damu sakafuni nikamgombeza paka. Kumbe ni yangu. Msumari ulikuwa umetoboa kandambili ukaingia kisiginoni, na nilikuwa nimetembea nao kutoka sokoni nikipiga soga.

Kwenye benchi la kliniki tulikaa watu wenye miguu iliyofungwa bandeji, na niligundua kitu: hakuna anayeutazama wa kwake. Kila mtu anaangalia wa jirani, anapima kama ni mbaya kuliko wake. Wa kwangu ulikuwa unaangaliwa sana. Nilijua majibu kabla sijaitwa.

Baada ya kukatwa, daktari alinigusa goti akasema hili tumekuachia, litunze. Sikumwelewa. Nililia tu, nikaona ananibembeleza kwa mfupa. Aliyenielewesha ni fundi wa miguu ya bandia, binti mmoja mwembamba anaitwa Anjela, mwenye sauti ndogo na mikono migumu. Nilimuuliza kama nitarudi shambani. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

“Mama, ukiwa na goti, tope la mpunga utalimudu,” alisema. “Goti likiondoka nitakutengenezea mguu mwingine, na mjini utatembea vizuri tu. Ila kwenye tope la huko kwenu, utakwama. Utakuwa mtu wa kubaki.”

Neno hilo la kubaki nilirudi nalo nyumbani.

Mguu wenyewe ni hivi: juu kuna kikombe cha plastiki wanachokiita soketi, kimetengenezwa kwa umbo la kigutu chako na si cha mwingine. Ndani kuna sponji. Chini kuna bomba, na mwishoni unyayo wa mpira. Kabla ya kuingiza kigutu unavaa soksi nene. Anjela alinipa masharti: usiweke karibu na moto, usianike juani, na kila jioni uvue uangalie kigutu chote, mbele na nyuma, kwa kioo. Kwa kioo, kwa sababu kigutu changu nacho kilikuwa na ganzi. Nikimpa kidole anifinye, nasikia. Akifinya kigutu, ni kama anamfinya mtu mwingine.

Siku ya kusimama nilishika vyuma viwili nikatetemeka mwili mzima, jasho likanitoka, nikapiga hatua. Watu wakishapata mguu huwa wanasema wamefurahi kwenda kanisani au sokoni. Mimi nitakwambia ukweli, nilichofurahia kuliko vyote ni choo. Miezi yote ile mume wangu, Baba Fausta, alikuwa ananipeleka, kisha anasimama nje akikohoa ili nijue yupo. Mtu mzima unakoholewa chooni. Siku niliyokwenda peke yangu nilikaa humo muda mrefu bila sababu.

Basi masika yalipokaribia nikafungasha vyombo. Baba Fausta hakutaka. Alisema nibaki mjini, atamwomba jirani awe ananichungulia. Binti yetu Fausta yuko chuoni Morogoro, kwa hiyo ningebaki peke yangu na redio. Nikamwambia huo mguu sikupewa nikae nao sebuleni. Aliyenitetea ni wifi yangu Skola, mdogo wake wa kike, mjane anayeishi nasi. Skola akasema atanisaidia kupanda dungu, na kama nitaanguka ataniokota yeye. Tukaenda.

Majuma ya mwanzo yalikuwa matamu. Nilipanda ngazi ya dungu mwenyewe. Nilifukuza ndege kwa kopo na sauti yangu, na sauti ninayo. Majirani wa mashamba walikuja kunitazama, wanasema shikamoo kwa kinywa huku macho yakiwa chini kwenye unyayo wa mpira. Nikawa nawaambia washike, haung'ati.

Halafu ndege wakazidi. Baba Fausta alikuwa amening'iniza vipande vya bati na kanda za kaseti, havikutosha. Akaomba kioo changu. Kioo kikipigwa na jua kinamulika mpaka mbali na ndege wanaogopa, kila mkulima wa huku anajua. Akasema jioni atanirudishia, na kweli siku ya kwanza alinirudishia. Siku zilizofuata mvua, uchovu, giza la mapema, kioo kikawa kinalala hukohuko kwenye mti katikati ya mpunga. Kikawa kioo cha ndege, nami nikaacha kukagua kigutu.

Siku mvua kubwa iliponyesha milimani, mto ulitanuka. Maji yalinikuta nikivuka kuja dunguni, yakaingia ndani ya soketi mpaka juu. Skola alinivua, akanifunika kanga, nikalala mchana ule nimechoka kupindukia. Sasa mwelewe Skola. Huku kwetu, kitu kikilowa masika kinapanda uchanjani. Uchanja ni kichanja cha fito juu ya moto, ndipo tunapokaushia samaki, na hapohapo huwekwa mbegu, viatu, chumvi, hata madaftari ya shule. Usipofanya hivyo kila kitu kinaota ukungu. Skola hakumwona Anjela hata siku moja. Masharti niliyapokea mimi peke yangu, kliniki, nikarudi nayo kichwani. Yeye aliona mguu wa wifi yake umelowa, akaulaza juu ya uchanja, katikati ya kambale, akachochea moto kidogo.

Nilipoamka ulikuwa mkavu na una joto. Nilishtuka, nikaukagua. Plastiki haikuwa imeyeyuka. Ukingo wa nyuma ulikuwa umelegea kidogo, na sponji ya ndani imejikunja mahali, lakini nilipovaa ukaingia, mgumu kiasi, nikasema utazoea. Ulinuka samaki wa moshi. Tulicheka mpaka Baba Fausta akaegemea mti. Waliniita mama kambale wiki nzima, na mimi nilicheka nao.

Ile harufu ndiyo iliyotaka kuniua.

Maana kila aliyepita karibu yangu alisikia harufu ya samaki, akaona sawa. Mbwa wa shamba la jirani akaanza kunifuata. Nikikaa, anakaa. Nikisogea, anasogea, pua yake iko usawa wa goti langu. Tukasema anataka kambale. Nzi wakaja, tukasema ni wa samaki. Soksi ikawa inagoma kutoka jioni, ninaivuta kwa nguvu, ina madoa ya kahawia, nikasema tope. Nikapata homa na kutetemeka. Huku bondeni homa yoyote ni malaria, nikanywa dawa ya malaria tuliyokuwa nayo, jasho likanitoka, nikaona inafanya kazi. Homa ikarudi. Na kigutu hakikuuma. Ninataka ulisome hili mara mbili: hakikuuma hata kidogo. Nilikuwa nasubiri maumivu yanipe taarifa, na aliyekuwa apeleke taarifa alikuwa ameshakufa siku nyingi.

Baadaye nikaanza kuona mambo. Chakula kilininuka. Maji yalininuka. Baba Fausta akahamishia mkeka wake upande mwingine wa dungu bila kusema, akasingizia upepo. Nilimchukia kwa hilo, kisha nikaogopa, kwa sababu mume wangu si mtu wa kuchagua mahali pa kulala.

Asubuhi moja jua lilitoka, na Skola alikuwa chini anapasua samaki. Nikamwita apande. Nikamwambia avue soksi aniangalie kwa nyuma, mimi sipaoni. Aliloweka soksi kwa maji ikaachia. Akainama. Mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki, akaifuta kwenye kanga polepole, kila kidole.

“Wifi, unaona nini?”

Alichukua sufuria ya uji akaifunika nzi wasitue, akafunika na maji ya kunywa.

“Skola, nakuuliza.”

“Vaa gauni la kutokea,” akasema. “Tunaondoka sasa hivi.”

Safari ile naikumbuka vipandevipande. Mtumbwi kati ya mipunga, Baba Fausta akisukuma upondo bila kunitazama. Kisha mgongo wake, maana alinibeba kwenye tope mpaka barabarani, na kila alipozama nilisikia pumzi yake ikikatika. Pikipiki, nimebanwa katikati. Kisha stesheni, kusubiri treni kwenye benchi la saruji, mguu wangu wa bandia umefungwa kwenye kiroba mapajani. Kando yetu kulikuwa na akina mama wa kutoka Chita wenye madebe ya mchele. Mmoja wao alikunja uso, akauliza nani amebeba samaki walioharibika.

Hospitali, kidonda kilikuwa nyuma ya kigutu, mahali sponji ilipojikunja. Kilikuwa kimechimba ndani. Daktari wa zamu hakutumia maneno mengi. Aliomba kalamu kwa nesi, akachora mstari kwenye ngozi yangu pale uvimbe ulipoishia, chini ya goti. Akasema watanitundikia dripu za dawa na kuniangalia. Uvimbe ukibaki chini ya mstari, watasafisha kidonda na goti litapona. Ukivuka ukashika goti, watakata juu, kwa sababu baada ya hapo ni maisha yangu.

Hujawahi kuishi kwa mstari wa kalamu, mwenzangu. Nilikuwa naukodolea macho mpaka unaanza kutembea wenyewe. Nesi akipita namuuliza, umesogea? Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanaangalia nao. Asubuhi ya kwanza ulikuwa palepale. Asubuhi iliyofuata uvimbe ulikuwa umevuka upande wa nje, kiulimi kidogo tu. Daktari akabonyeza, akachora mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, hapohapo ukingoni mwa goti. Nafasi ya mstari wa tatu haikuwepo.

Siku hiyo mchana Baba Fausta alikuja wakati wa kuona wagonjwa, hajanyoa, macho mekundu. Alikuwa ameshamfukuza Skola. Alimwambia asikanyage wodini, kwamba yeye ndiye aliyenichoma mguu juu ya moto kama kitoweo. Na sasa alikuwa ametoka kuzungumza na daktari, amemwambia wakate tu, leoleo, wasingoje.

“Mimi nataka mke,” aliniambia. “Sitaki goti. Goti nitaliweka wapi ukishakufa?”

“Bila goti utapata mke wa kuketi mlangoni,” nikasema. “Masika mkihama, mnaniacha na redio.”

“Afadhali hivyo.”

“Afadhali kwako.”

Akaanza tena habari za Skola. Nilikuwa na homa, na homa haina adabu.

“Skola alianika mguu kwa kuwa hakujua,” nikamwambia. “Kioo nani alikianika shambani?”

Aliketi pembeni ya kitanda, akaweka kiganja chake juu ya goti langu, juu ya mstari kabisa, akalia bila sauti mbele ya wodi nzima. Tulioana tukiwa vijana na sikuwahi kumwona akilia, hata mama yake alipofariki. Nilitaka kumshika nikashindwa kuinua mkono. Tulikubaliana kungoja mpaka daktari apite kesho yake, basi. Nilimwahidi kwamba uvimbe ukigusa goti nitaweka mwenyewe dole gumba kwenye karatasi yao ya kukubali kukatwa, wala hatanisikia nikilalamika.

Jioni ile mama mmoja nisiyemjua aliniletea uji. Nilipouonja nikaujua: una karanga zilizotwangwa na limau, hakuna anayepika hivyo ila Skola. Kumbe alikuwa hajaondoka. Alikuwa kule kwenye banda ambako ndugu wa wagonjwa wanapikia, amekaa na masufuria ya kuazima, anamtuma kila anayeingia wodini. Niliunywa wote. Ulikuwa uji wa kwanza ambao haukuninuka tangu homa ianze.

Asubuhi daktari alibonyeza kwa kidole gumba, hapa, hapa, na hapa. Akamwita mwenzake naye akabonyeza. Nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia tu sauti yake ikisema uvimbe umerudi nyuma ya mstari. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Sitakudanganya kwamba mambo yaliisha hapo. Walinisafisha kidonda mara nyingi, na nyama iliyotoka haikuwa ndogo. Wenzangu walivuna bila mimi, na majani ya mpunga yalikuwa yamekauka mashambani kabla kidonda hakijafunga. Nilirudi kwenye magongo, nikarudi kukoholewa chooni. Siku ya kuruhusiwa, Baba Fausta alikwenda mwenyewe kwenye lile banda kumwita dada yake. Sijui walizungumza nini. Walirudi wameshika kila mmoja mkono mmoja wa kapu langu.

Kigutu kilipokuwa tayari nilirudi kwa Anjela, na safari hii sikwenda peke yangu. Niliwakokota wote wawili. Anjela aliutia mkono kwenye soketi ya zamani, akamwambia Skola naye atie. Skola aligusa lile kunjo la sponji, akatoa mkono haraka. Anjela hakumlaumu. Aliwafundisha wote kuvalisha, kuvua, kusafisha, kukausha kivulini kwa kitambaa, na namna ya kukagua ngozi kwa macho na kwa kiganja. Basi, ushauri wangu kwako ni huo, sina mwingine mkubwa: usiende kuchukua mguu peke yako. Nenda na anayewasha moto nyumbani kwako. Kama ni mama mkwe, nenda naye. Kama ni mtoto wa dada, nenda naye. Kila anayegusa vitu vyako asikie kwa masikio yake.

Masika haya tumehama tena, sote. Goti langu liko kazini, linapinda, tope nalimudu kwa shida lakini nalimudu. Kila asubuhi jua likipanda, Skola ananawa mikono, anakaa mbele yangu, anashika kigutu anakigeuza huku na huku. Akimaliza anasema safi. Ni neno ninaloanzia siku.

Wiki iliyopita alisema safi, na mimi nilikuwa na furaha, nikamnyooshea mguu wa kushoto, ule mzima. Nikamwambia leo kagua na huyu asione wivu. Akacheka, akaushika unyayo. Nilikuwa naangalia mpungani, Baba Fausta anafukuza ndege, nikingoja Skola aanze.

“Haya, gusa basi,” nikamwambia.

Nikageuka kumtazama. Kidole chake kilikuwa katikati ya unyayo wangu, kimekandamiza mpaka ukucha umekuwa mweupe.

“Nimeshagusa, wifi,” akasema.

Hatukungoja jioni. Mguu haukuwa na jeraha, haukuwa na mkwaruzo, haukunuka kitu, na kwa sababu hiyohiyo tulifungasha tukaondoka siku ileile kwenda kuwaonyesha hospitali. Baba Fausta alitaka kunibeba, nikakataa. Nilitembea mwenyewe mpaka barabarani, polepole, na Skola alikuja nyuma yangu njia nzima, ameinama, anaangalia kila mahali nilipokanyaga.